Kituo Kikizima Usiku, Nani Atakiwasha? Mwongozo kwa watunzaji wa vituo vidogo vya umeme wa maji Kivu Kusini

Mwongozo huu ni wa watu wanaotunza vituo vidogo vya umeme wa maji kwenye milima inayoizunguka Bukavu: Kabare, Walungu, Kalehe na kwingineko. Ni vituo vya kilowati kumi hadi mia kadhaa, vinavyowashia hospitali, misheni, mashine za kusaga mihogo na nyumba za jirani. Kampuni kubwa zina wahandisi na bohari za vipuri. Kituo kidogo kina fundi mmoja au wawili, kamati, daftari la malipo na mto. Kikizima, mtoto aliyewekewa oksijeni hospitalini yumo hatarini sawasawa na yule wa mjini.

Kabla hujanunua chochote, jibu swali moja kwa maandishi. Kituo kimezima saa nane usiku, mvua inanyesha, barabara ya kwenda mjini imefungwa: kwa watu waliopo na vifaa vilivyopo, kitachukua saa ngapi kuwaka tena? Hesabu hiyo ndiyo utakayoipunguza mwaka mzima. Wengi wetu tumezoea kukisifu kituo kwa kilowati zake, lakini daktari aliye katikati ya upasuaji anahesabu dakika. Hakuna kituo kisichozima. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kinapozima, hakuna kilichoharibika kiasi cha kumngoja mtu kutoka nchi nyingine.

Hatua ya 1: Fuata maji, kisha fuata waya

Anzia pale maji yanapotolewa mtoni. Pita kwenye mfereji, tangi la juu, bomba kubwa la kushusha maji, nyumba ya mashine, transfoma, nguzo, mpaka kwa mteja wa mwisho. Nenda na daftari na mtu mwingine, kwa sababu macho ya fundi aliyezoea hayaoni tena ufa anaoupita kila asubuhi. Kwa kila kitu uliza: hiki kikifa, nini kinazima? Kipo kingine? Kinapatikana wapi, na baada ya siku ngapi?

Kitu ambacho kiko kimoja tu, kikifa kila kitu kinazima, na madukani Bukavu hakipo, kipe alama nyekundu. Mara nyingi zitakuwa alama chache: kidhibiti volti cha alteneta (mashine inayozalisha umeme), kadi ya kidhibiti mzigo (kifaa kinachosawazisha mzigo ili mwendo wa mashine usiyumbe), beringi za turbini (gurudumu linalozungushwa na maji), transfoma. Hizo chache ndizo zitakazokula muda wako na pesa zako.

Ukiwa njiani tazama na juu. Tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilikosa umeme kwa sababu tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru. Mashine nyingine zikazidiwa na mzigo, zikajizima, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Kwako atakuwa panya aliyeingia kwenye boksi la swichi, au tawi la mkaratusi linalosugua waya kila upepo ukivuma. Ziba matundu ya kebo, kata matawi kabla ya Septemba, mvua zinaporudi.

Pima pia maji ya kiangazi. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 40 hutoa kilowati kama 27, baada ya kuondoa hasara ya mashine. Mwezi Agosti zikibaki lita 50, una nusu tu, na kidogo pungufu. Kamati nyingi huwaunganisha wateja kwa kuangalia maji ya Aprili, halafu kila Julai zinagombana nao. Hesabu ya wateja ifanywe kwa maji ya Agosti.

Hatua ya 2: Zuia takataka, mchanga na mafuriko

Hapa ndipo vituo vyetu vingi vinapoteza siku zao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkazi yeyote wa Bukavu anajua yanayotokea pale Ziwa Kivu linapoanza kuwa mto Ruzizi. Chupa na mifuko ya plastiki hutupwa kwenye mifereji ya Kadutu na Bagira, mvua huisukuma ziwani, na maji huipeleka moja kwa moja kwenye bwawa la Ruzizi I, kituo cha karibu megawati 30 kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Takataka zimerundikana huko mpaka zimeziba njia ya maji, zimeharibu mashine, na wazamiaji wamelazimika kushuka kuziondoa kwa mikono. Mji unazimiwa umeme na chupa zake wenyewe. Hilo linaniuma kila ninapovuka daraja.

Kwenye kijito chako chupa ni chache, lakini kuna migomba iliyoangushwa na mvua, majani, matawi na mchanga. Weka vizuizi viwili. Cha kwanza ni boriti za mianzi zinazoelea, zilizofungwa kwa mshazari mbele ya mlango wa maji, ili vitu vikubwa visukumwe kando viendelee na mto. Cha pili ni chujio la nondo kwenye tangi la juu, limelazwa kidogo ili mtu aweze kulikwangua kwa reki akiwa amesimama mahali pakavu. Nafasi kati ya nondo iwe ndogo kuliko njia nyembamba kuliko zote ndani ya turbini. Mtu wa kukwangua awe na zamu, koti la mvua, tochi na malipo. Kijana anayeahidiwa "tutakukumbuka" hataamka usiku wa manane.

Mchanga ni adui wa kimya. Unakula visu vya turbini polepole mpaka siku moja unashangaa kilowati zimekwenda wapi. Fungua mlango wa kusafishia tangi la mchanga kila juma, na wakati wa mvua kubwa kila siku. Maji yakija mekundu mazito, zima kituo kwa hiari yako saa mbili au tatu mpaka kilele cha mafuriko kipite. Watu watalalamika, nawe waeleze mapema, kanisani na sokoni, kwamba hizo ndizo saa zinazookoa gurudumu ambalo likiharibika litawagharimu miezi.

Kisha kuna mafuriko yenyewe. Tarehe 4 Mei 2023 mito ya Kalehe ilifurika, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafukiwa kwa tope na mawe. Zaidi ya watu 400 walikufa. Aliyeyaona mawe yale hawezi tena kuhesabu mafuriko kuwa ni maji tu. Waulize wazee, na mama wanaofua mtoni, maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka. Chora alama hiyo ukutani. Boksi la swichi, betri, kidhibiti na vipuri vyote vikae angalau mita moja juu yake.

Wajapani walijifunza hilo kwa uchungu. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilipokifikia kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, jenereta nyingi za dharura zilikuwa kwenye vyumba vya chini pamoja na swichi zake, zikamezwa na maji. Jenereta moja ya kinu cha sita, inayopozwa kwa hewa na iliyowekwa mahali pa juu zaidi, ilisalimika, na umeme wake ukatosha kuviokoa vinu viwili, cha tano na cha sita. Nchi yenye mafundi hodari kiasi kile ilitofautisha msiba na nusura kwa mita chache za kimo.

Juu ya mfereji chimba mtaro wa kupokea maji ya mlimani, kisha panda mianzi na matete kwenye mteremko. Anayelima mteremko huo mwite kwenye kamati, mpe nyumba yake umeme ikiwezekana. Akilima mpaka ukingoni, udongo wake utakuwa ndani ya mfereji wako kabla ya Krismasi.

Maji yakiingia kwenye nyumba ya mashine, usiwashe kitu, hata kama juu kunaonekana kukavu. Tenganisha nyaya, osha tope kwa maji safi kabla halijakauka, kisha kausha alteneta kwa hewa ya moto au kwa balbu kubwa zilizowekwa ndani yake, siku mbili, tatu, kadiri itakavyohitaji. Pima insulesheni, yaani uwezo wa nyaya za ndani kuzuia umeme usivuje, kwa kipimo cha volti 500. Ikiwa chini ya megaomu moja, endelea kukausha. Alteneta nyingi zinazosemekana "zimeuawa na mafuriko" ziliuawa na haraka ya mtu aliyeziwasha kesho yake.

Tetemeko nalo lisisahauliwe. Lile la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, lilipasua nyumba nyingi Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi. Funga betri na makabati ukutani kwa mikanda ya chuma, na baada ya kila mtikisiko pita kwenye bomba lote ukitazama viungo na nguzo zake kabla ya kufungulia maji.

Hatua ya 3: Radi

Milima ya mashariki ya Kongo, kwa vipimo vya setilaiti, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kadi za kidhibiti mzigo hufa kwa radi kuliko kwa uzee. Weka vizuia radi kwenye laini pale inapotoka kituoni na pale inapofika kwenye transfoma, na uviunganishe na waya wa ardhi ulio mfupi na mnyoofu. Upinzani wa ardhi uwe chini ya omu 10. Udongo wa mawe ukikataa, ongeza vyuma kadhaa vilivyotengana na uviunganishe pamoja. Pima Agosti ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha Machi kitakudanganya kwa sababu ardhi imelowa. Na waya wa ardhi ni shaba, yaani unaibwa. Ufukie, ufunike kwa zege pale unapotokeza, na uukague kila mwezi.

Hatua ya 4: Isikilize mashine kabla haijalia

Kila saa ya zamu, mtu aandike volti, masafa ya umeme (hezi), ampia, kimo cha maji kwenye tangi na joto la beringi. Kama huna kipima joto, weka kiganja: ukishindwa kukiacha kwa sekunde chache, beringi iko karibu na nyuzi 60 na inataka kuangaliwa leo. Grisi iwe ya aina moja na kwa kipimo, kwa kuwa grisi iliyojazwa kupita kiasi nayo huchemsha beringi. Daftari lisomwe kila Jumamosi. Joto lililopanda nyuzi mbili kila juma linakueleza mwezi gani utaumia.

Mambo mawili yanaweza kuua kituo kwa dakika moja. La kwanza ni mzigo kukatika ghafla, kwa mfano nguzo ikianguka. Turbini isiyo na mzigo hukimbia. Aina za Pelton na zile za maji kupita katikati hufikia karibu mara 1.8 ya mwendo wake wa kawaida. Hakikisha kinga ya mwendo kasi inafanya kazi bila kutegemea umeme wa kituo chenyewe: uzito unaoanguka, au chemchemi inayogeuza maji pembeni. La pili ni mtu mwenye hofu kuufunga mkono wa valvu kwa kasi. Maji yaliyo ndani ya bomba refu hayasimami ghafla. Yanapiga, na bomba linapasuka. Bandika karatasi kwenye valvu: FUNGA POLEPOLE, na uonyeshe ni dakika ngapi.

Vipuri vya kukaa navyo ni hivi: seti moja ya beringi, mikanda miwili, kidhibiti volti kimoja, kadi moja ya kidhibiti mzigo, fyuzi za kila aina, diodi za alteneta, sili na gasketi, mita kadhaa za kebo na viungo vyake. Andika namba za bidhaa kutoka kwenye kibao cha mashine, zipige picha, na uziweke kwa watu watatu tofauti. Transfoma ya akiba ni ghali kwa kituo kimoja. Vituo vitatu vya bonde moja vikitumia transfoma za ukubwa uleule, vinaweza kununua moja ya pamoja. Nimewahi kuona makubaliano ya namna hiyo yakisuasua kwa sababu ya nani aitunze. Malizeni swali hilo kwanza, kwa maandishi, na itunzwe kwa mtu asiyehusika na kituo chochote, parokiani kwa mfano.

Hatua ya 5: Jifunze kuwasha kutoka gizani

Kituo kingine huwashwa kwa urahisi kwa sababu kuna umeme wa kuanzia. Siku kila kitu kimezima, betri imekufa, na alteneta imepoteza usumaku wake, fundi anabaki anaitazama ikizunguka bila kutoa volti. Kwa alteneta nyingi dawa ni kuupa mkunjo wa sumaku umeme kidogo wa betri ya volti 12 kwa sekunde chache, ukiwa umefuata vizuri chanya na hasi na umetenganisha kidhibiti. Jifunze hilo mchana kutoka kwa fundi anayelijua, pamoja na mchoro wa mashine yako. Betri hiyo iwe ya kazi hiyo peke yake, ichajiwe na paneli ndogo ya jua, na simu ya mtu yeyote isichajiwe hapo.

Andika hatua za kuwasha kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwenye karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, ibandikwe karibu na swichi. Iandike ili mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kugusa turbini aweze kuifuata, kwani siku ya vita fundi anaweza kuwa amekimbia na watoto wake, na ana haki ya kukimbia.

Gawa laini ya nje katika matawi yenye swichi zake. Mpangilio wa kurudisha umeme ukubaliwe na kamati mapema: hospitali na kituo cha afya, kisha pampu ya maji, kisha nyumba, mashine ya kusaga mwisho. Kurudisha wote kwa mpigo kutazima kituo mara ya pili, maana kila friji na kila mota itavuta kwa pamoja.

Kama kidhibiti chako kinaonekana kwa simu kutoka mbali, badilisha neno la siri lililotoka kiwandani, na hakikisha kila kitu bado kinaweza kuendeshwa kwa mkono. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi wa mitandao walizima umeme wa wateja karibu 225,000 nchini Ukraina. Ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda kwenye vituo wakafunga swichi kwa mikono yao. Swichi ya mkono usiing'oe hata mwuzaji akikuambia imepitwa na wakati.

Hatua ya 6: Wakati wa vita na wizi

Januari 2025 mapigano yalipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakachota maji ya ziwa bila kuyatibu. Kwetu huku, laini na barabara ndizo hukatika kwanza. Kwa hiyo weka vipuri, mafuta ya kulainisha na chakula cha walinzi cha mwezi mmoja kituoni au karibu nacho, kabla ya uvumi. Uvumi ukishaanza, bei za madukani zimeshapanda na njia imefungwa.

Nyumba ya mashine isiwe mahali pa mtu mwenye silaha kulala, kupika au kuhifadhi kitu, wa upande wowote. Siku akilala hapo, upande mwingine unaona shabaha. Hili linazungumzwa mapema, na wanaolizungumza ni shefu wa kijiji, wazee, padri au mchungaji na mama wa kamati, wakimweleza kila anayekuja kwamba mashine hii inapeleka umeme hospitalini na kwenye pampu ya maji. Itifaki ya Pili ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, katika kifungu cha 14, inakataza kushambulia au kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, na mitambo ya maji ya kunywa imetajwa humo. Barua ya hospitali yenye mhuri inayosema hivyo iwe ukutani, na nakala kwa shefu. Fundi asibishane na bunduki. Akiambiwa zima, azime kwa utaratibu, polepole, aondoke.

Kabla ya kuondoka kuna mambo matatu ya dakika kumi: funga maji, tenganisha laini, toa kadi ya kidhibiti mzigo na kidhibiti volti uvihifadhi mahali ambapo watu wawili wanapajua. Bila hivyo vitu mashine haina thamani kwa mwizi mjuzi, na mkirudi mnaweza kuiwasha siku hiyohiyo.

Wizi wa siku za amani ni wa shaba na mafuta ya transfoma. Weka vali ya mafuta kufuli na kichwa cha bolti kisichofunguka kwa spana za kawaida. Kinachozuia zaidi, kwa maoni yangu, ni jirani mwenye balbu: nyumba iliyo chini ya nguzo ikiwa gizani, hakuna atakayeamka kwa kelele za mwizi. Waunganisheni walio karibu kwanza.

Hatua ya 7: Pesa za vipuri zikae peke yake

Toa sehemu ya kila malipo, uiweke kwa dola, kwa kuwa beringi na kadi zinauzwa kwa dola. Sahihi mbili, na hesabu isomwe mbele ya wateja wote kila miezi mitatu, kama wanavyofanya akina mama kwenye AVEC zao (vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopa). Mfuko huo usikopwe kwa mazishi wala kwa ada ya shule. Ni maneno magumu kwa jirani mwenye shida, ndiyo maana yaandikwe siku ambayo hakuna mwenye shida.

Hatua ya 8: Zima kwa makusudi

Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nane na mwezi wa pili, fanyeni zoezi. Waarifuni hospitali na wateja juma moja kabla, na jenereta ya hospitali ijaribiwe siku hiyohiyo ikiwa na mzigo wake halisi, kwani jenereta inayowashwa kwa dakika mbili bila mzigo haijakuthibitishia chochote. Zimeni kila kitu. Fundi mkuu akae nje, mikono mfukoni, asiseme neno. Wa pili, au yule mwalimu, afuate karatasi ya ukutani peke yake, kwa tochi, milango ikiwa imefungwa ili kuwe giza.

Mtu mmoja ashike saa na kuandika: ufunguo ulipatikana baada ya dakika ngapi, betri ilikuwa na volti ngapi, hatua gani haikueleweka, spana gani haikuwepo, hospitali ilipata umeme saa ngapi. Karatasi irekebishwe jioni hiyohiyo, spana inunuliwe Jumatatu, na muda mpya uandikwe chini ya ule wa kwanza kwenye ukurasa uleule wa daftari.